Namba zimegeuka 1.99E+19: dalili na tiba za majedwali ya CSV yanayoharibika yakifunguliwa

Karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho alinipigia akiwa amekata tamaa. Malipo ya msimu yalikuwa yanasubiri orodha ya wanachama, na kila alipoipakua kutoka kwenye mfumo, kolamu ya namba za NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ilikuja imejaa 1.99001E+19 na 1.98502E+19 juu hadi chini. Namba za simu nazo zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo. Alikuwa ameshapakua mara tatu, bando limekwisha, na lawama zote amezielekeza kwenye mfumo. Nikamwomba anitumie faili la mara ya tatu, lile ambalo alilitazama tu na kulifunga. Nililifungua kwa Notepad. Namba zote zilikuwamo, tarakimu ishirini kila moja, na sifuri za simu mahali pake.

Faili lilikuwa zima. Kilichoharibu yale mawili ya kwanza ni kubofya mara mbili, Excel ikafunguka, kisha akabonyeza kuhifadhi.

Ukibofya mara mbili faili la CSV, Excel haikuulizi kitu. Inakisia alama inayotenganisha kolamu, inakisia lugha ya herufi (usimbaji, yaani namna herufi zilivyoandikwa ndani ya faili), inakisia kwamba chochote kinachofanana na namba ni namba na kinachofanana na tarehe ni tarehe. Ikikosea haikuambii. Ukihifadhi, kosa linaandikwa juu ya data yako. Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote hapa chini, fanya mambo mawili: tengeneza nakala ya faili ulilopakua na usiiguse kamwe, halafu litazame faili kwa Notepad au programu nyingine ya maandishi matupu. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, chagua "Open with", kisha Notepad. Utaona kitu kama hiki:

jina,simu,nida,tarehe
Mwajuma,0700000123,19900101000001234567,05/03/2024

Hiyo ndiyo CSV yenyewe, maandishi na koma tu. Haina rangi, haina fomula, wala hakuna mahali panaposema kwamba kolamu hii ni namba na ile ni maneno. Hata kanuni zake ziliandikwa mwaka 2005 tu, katika waraka uitwao RFC 4180, wakati watu walikuwa wameshaitumia kwa miongo. Ukiona data ni nzima hapa, tatizo liko kwenye ufunguaji. Ukiona imeharibika hapa, tatizo liko kwenye upakuaji au kwa aliyekutumia.

Dalili: faili halifunguki, au linafunguka na vitu visivyoeleweka

Anza na jina lake. Likiishia .crdownload (Chrome) au .part (Firefox), upakuaji haukukamilika. Mtandao ulikatika au bando liliisha katikati. Kubadilisha jina hakutasaidia, kwa sababu nusu ya data haipo. Pakua upya.

Jina likiwa sawa, angalia herufi za mwanzo kabisa ndani ya Notepad. Hapo pana siri nyingi:

Ukiona `<!DOCTYPE html>` au `<html`, ulichopakua ni ukurasa wa wavuti uliovaa jina la CSV. Mara nyingi ni kwamba ulikaa muda mrefu, mfumo ukakutoa bila kukuambia, na ulipobofya kupakua ukapewa ukurasa wa kuingia. Ingia upya kisha pakua. Kwenye GitHub (tovuti ambako watu huweka msimbo na data) hutokea watu wakihifadhi kiungo cha jina la faili. Fungua faili lenyewe kwanza, kisha tumia kitufe cha kupakua au kile cha "Raw".

Ukiona herufi PK zikifuatwa na takataka, hilo ni faili la zipu au la Excel ya kisasa, kwa kuwa .xlsx yenyewe ni zipu kwa ndani. Badilisha kiendelezi kiwe .xlsx au .zip, litafunguka. Ukiona %PDF, ni PDF. Hakuna namna ya kuligeuza jedwali kwa kubadili jina. Kwa PDF zilizotengenezwa na kompyuta (si picha za skana) kuna programu ya bure iitwayo Tabula inayochomoa majedwali vizuri.

Kuna pia faili la .xls linaloleta onyo kwamba umbo lake na kiendelezi havilingani. Mifumo mingi ya ofisini hutoa jedwali la HTML na kulibandika jina la .xls. Kama unakiamini chanzo, kubali lifunguke, kisha lihifadhi upya kama .xlsx.

Windows huficha viendelezi, na hilo peke yake limewapotezea watu saa nzima. Fungua folda, nenda "View", washa "File name extensions". Faili unaloliona kama takwimu.csv huenda kwa kweli ni takwimu.csv.txt.

Ukifungua faili likiwa bado ndani ya zipu, mabadiliko utakayofanya yanaweza kukwama kwenye folda ya muda na kupotea. Toa kwanza kila kitu kwa "Extract All". Mfano mzuri ni takwimu za Benki ya Dunia: ukipakua kiashiria kimoja kwa CSV unapata zipu yenye mafaili matatu, mawili kati yake yana majina yanayoanza na Metadata. Watu hufungua la Metadata, wakaona maelezo ya nchi bila namba hata moja, wakadhani data haipo. Unalolitaka ni lile linaloanza na API. Hata hilo lina mtego wake: mistari minne ya juu ni chanzo, tarehe na nafasi tupu, na vichwa vya kolamu vinaanzia mstari wa tano. Ukichora chati bila kuiondoa mistari hiyo, chati itakuja ya ajabu.

Kwenye simu, faili lililopita WhatsApp wakati mwingine hufika bila kiendelezi, na simu husema haina programu ya kulifungua. Liongezee .csv kwenye jina, kisha lifungue kwa Google Sheets.

Dalili: kila kitu kimerundikana kwenye kolamu A

Hapa alama inayotenganisha siyo ile ambayo kompyuta yako inaitarajia. Excel haisomi faili kuona kama limetenganishwa kwa koma au nukta mkato. Inafuata mipangilio ya kanda ya Windows. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Uingereza au Marekani hutarajia koma. Iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, hutarajia nukta mkato, kwa sababu koma kwao ni ya desimali. Mafaili ya CSV ya KoboToolbox, mfumo wa kukusanya data za dodoso, nayo hutoka yakiwa na nukta mkato, hivyo mtu wa Dodoma anaweza kukutana na tatizo hili bila faili kuvuka mpaka wowote.

Kolamu zikirundikana utaona mara moja, na huo ndio unafuu. Hatari ni pale zinapokatika mahali pasipo pake. Chukua mstari huu kutoka upande wa Kifaransa:

Uvira;12,5;3

Ukiufungua kwenye kompyuta inayotarajia koma, seli ya kwanza itakuwa na Uvira;12 na ya pili 5;3. Jedwali lina kolamu mbili, linaonekana kama jedwali, na kila namba ni ya uongo.

Usibadilishe mipangilio ya Windows kwa ajili ya faili moja, utaharibu mengine. Liingize faili kwa njia ninayoieleza kwenye sehemu inayofuata, uchague kitenganishi mwenyewe. Na kama namba zina koma ya desimali, kwenye LibreOffice chagua lugha ya Kifaransa kwenye dirisha la kuingiza, nayo itaisoma 12,5 kama kumi na mbili na nusu.

Dalili: sifuri ya mwanzo imepotea, au namba imeandikwa kwa E+

Hii ndiyo inayoumiza zaidi huku kwetu, maana kila orodha ina simu na vitambulisho. Kuna hali tatu zinazofanana kwa macho, na tiba zake ni tofauti.

Ya kwanza ni ya kuonekana tu. Namba ya simu iliyoandikwa 255700000123 ina tarakimu 12, na seli ya kawaida ya Excel huonyesha hadi 11. Ikizidi hapo inaifupisha kuwa 2.557E+11. Tarakimu zote bado zimo. Chagua kolamu, ipe muundo wa "Number" bila desimali, zitarudi. Lakini sikiliza hili kwa makini: ukihifadhi kama CSV huku seli ikionyesha 2.557E+11, kinachoandikwa kwenye faili ni hicho kinachoonekana. Kuanzia hapo namba imekufa kweli.

Ya pili ni sifuri. 0700000123 ikisomwa kama namba inakuwa 700000123, na +255 inapoteza alama ya kujumlisha. Hii inarekebishika, kwa kuwa tunajua kilichopotea. Kama simu iko seli B2, andika ="0"&B2 kwenye kolamu mpya na uiteremshe hadi chini. Angalia tu usiwaongezee sifuri walioandikwa kwa 255.

Ya tatu haina dawa. Excel hutunza tarakimu 15 za namba. Zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikiwa na vistari, mfano 19900101-00000-12345-67, husalimika kwa kuwa vistari huifanya isomwe kama maneno. Ikija bila vistari, 19900101000001234567 inabaki 19900101000001200000. Tarakimu tano za mwisho zimefutika, na hakuna muundo wa seli utakaozirudisha. Kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuishia na namba moja, na mfumo wa malipo ukamkataa mmoja wao kama marudio. Huyo ni mkulima aliyesubiri msimu mzima.

Kinga yake ni kuiambia programu mapema kwamba kolamu hiyo ni maandishi. Kwenye Excel ya 2019 na kuendelea, fungua kitabu kipya kitupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", chagua faili. Dirisha litakalotokea lina vitu vitatu vya kugusa: "File Origin" ya lugha ya herufi, "Delimiter" ya kitenganishi, na "Data Type Detection". Hicho cha tatu kiweke "Do not detect data types". Kila kolamu itaingia kama ilivyo kwenye Notepad. Vichwa vya kolamu huweza kuingia kama mstari wa kawaida chini ya Column1, Column2. Viache hivyo hadi data iwe kwenye laha, ndipo upange. Ukibonyeza kitufe cha kuupandisha mstari wa kwanza uwe vichwa, mara nyingi Excel huongeza yenyewe hatua ya kubadili aina za data, na sifuri zako zinaondoka tena kimyakimya.

Kwa Excel za zamani, nenda "Data", "From Text", na kwenye hatua ya tatu ya dirisha bofya kila kolamu ya simu na kitambulisho uipe "Text".

Binafsi huwaelekeza watu LibreOffice Calc kwa kazi hii. Ni ya bure, na ukifungua CSV inakuonyesha dirisha la kuingiza kabla ya kugusa chochote: seti ya herufi, vitenganishi, na mfano wa jedwali ambapo unabofya kichwa cha kolamu na kuchagua "Text". Programu inayokuuliza kwanza ni salama kuliko inayokisia. Kwenye Google Sheets, tumia "File", "Import", pandisha faili, na uondoe tiki kwenye "Convert text to numbers, dates, and formulas".

Walio na Microsoft 365 wana nafuu iliyokuja mwaka 2023: "File", "Options", "Data", kuna sehemu ya kuzima ubadilishaji wa kiotomatiki, zikiwemo sifuri za mwanzo, namba ndefu, na misimbo kama 12E5 ambayo Excel huigeuza 1200000. Zizime zote kama kazi yako ni orodha za watu.

Dalili: tarehe zimepinda

Tazama kolamu ya tarehe. Kama baadhi zimeegemea kulia na nyingine kushoto, umeshapata jibu. Excel yenye mipangilio ya Kimarekani husoma 05/03/2024 kama Mei 3, inaigeuza tarehe na kuiegemeza kulia. Ikifika 25/03/2024 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maneno upande wa kushoto. Watu huhangaika na zile za kushoto. Lakini zile ni salama. Zilizoharibika ni za kulia, zinazoonekana nzuri. Usijaribu kuzirekebisha moja moja. Rudi kwenye faili la asili, ingiza upya kolamu ikiwa maandishi, kisha tumia "Text to Columns" na uchague "DMY", yaani siku, mwezi, mwaka. Kama una usemi kwa anayetoa data, mwombe aandike 2024-03-05. Hapo siku na mwezi havibadilishani.

Tarehe ikija kama 45356, hakuna kilichoharibika. Ni hesabu ya siku ambayo Excel hutumia kwa ndani. Ipe seli muundo wa tarehe na utaona Machi 5, 2024. Alama za #### nazo ni kolamu nyembamba tu.

Ugonjwa huu umewasumbua hata wanasayansi. Jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zikigeuka tarehe ndani ya Excel, hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kuzibadilisha kuwa SEPTIN1 na MARCHF1.

Dalili: ng'ombe amekuwa Ngâ€™ombe

Kiswahili hakina herufi nyingi zenye alama, kwa hiyo tunadhani tatizo la usimbaji wa herufi ni la Wafaransa. Kumbe sisi tuna kibainishi cha ng'. Simu na Word hukigeuza kuwa kile kilichopinda, na faili la UTF-8 (usimbaji wa kisasa unaobeba herufi za lugha nyingi) likisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kibainishi kimoja kinakuwa herufi tatu za ajabu. Vivyo hivyo Côte d'Ivoire huwa CÃ´te d'Ivoire.

Ingiza faili kwa njia ya "From Text/CSV" na kwenye "File Origin" chagua 65001: Unicode (UTF-8). Au lifungue kwa Notepad, "Save As", chagua "UTF-8 with BOM". Baada ya hapo Excel italitambua.

Wakati wa kuhifadhi, chagua "CSV UTF-8" na si ile CSV ya kawaida iliyo chini yake kwenye orodha. Ile ya kawaida ikikutana na herufi isiyoijua, kwa mfano majina ya Kiarabu kwenye orodha iliyotoka Muscat, inaandika alama ya kuuliza. Ngâ€™ombe anaweza kurudishwa kuwa ng'ombe. Jina lililokuwa ????? haliwezi.

Dalili: mistari ni michache kuliko inavyopaswa

Laha ya .xlsx ina mistari 1,048,576, basi. Ya .xls ya zamani ina 65,536. Septemba na Oktoba 2020, Uingereza ilikosa kuripoti kwa wakati visa 15,841 vya Uviko-19 kwa sababu matokeo ya maabara yaliyokuja kwa CSV yaliingizwa kwenye laha za .xls, zikajaa, na yaliyozidi yakaachwa nje. Kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kulichelewa.

Kwa hiyo hesabu mistari kabla na baada. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda na uandike:

find /c /v "" orodha.csv

Ikiwa idadi ni kubwa kuliko laha, Power Query (chombo cha kuingiza data kilicho ndani ya Excel) inaweza kulichuja faili kabla ya kulipakia, au tumia DB Browser for SQLite, R au Python. Google Sheets nayo ina kikomo cha seli milioni 10, na kolamu nyingi humaliza hizo haraka.

Idadi ikipungua kwenye faili dogo, tafuta alama ya nukuu isiyofungwa. Mtu ameandika `"Shule ya zamani, karibu na kisima` akasahau kufunga nukuu, programu inaendelea kumeza mistari yote inayofuata hadi ikutane na nukuu nyingine. Utaiona seli moja imejaa majina ya watu kumi. Rekebisha nukuu hiyo kwenye nakala, kwa Notepad.

Na kama Excel inakataa faili ikisema ni la SYLK (umbo la zamani la majedwali), tazama herufi mbili za kwanza: ni ID kwa herufi kubwa. Ziandike id.

Karani wangu tulimalizana naye jioni ile ile. Mafaili mawili ya kwanza alikuwa ameyahifadhi, na kila NIDA humo ilikuwa imeandikwa kwa E+, tarakimu zake zimepotea. Tuliyafuta asije akayatuma kwa bahati mbaya. La tatu tuliliingiza kwa LibreOffice, simu na NIDA zikiwa maandishi, tukahifadhi kama .xlsx. Kisha akaleta sanduku la kadi za wanachama, akasoma namba kwa sauti, mwanachama mmoja katika kila ishirini, nami nikifuata kwenye skrini hadi jina la mwisho.